Kingamwili ya maiostatini isinunuliwe peke yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na tunakiri mapema kwamba barua yenyewe ni ndefu. Mwaka wa fedha huanza Julai, na miezi inayoutangulia ndiyo ya kuandika mahitaji ya maabara katika vyuo na taasisi za utafiti hapa Mwanza na mikoa jirani. Kwenye orodha hizo kingamwili huandikwa kwa mstari mmoja mfupi: "kingamwili ya kupimia maiostatini, kichupa kimoja". Kamati inasoma, inaona bei ya dola mia kadhaa za Marekani kwa tone la maji, inashtuka, kisha inapitisha kichupa na kufuta kila kilichoandikwa chini yake. Tunaandika kwa ajili ya vile vilivyofutwa.

Kwa msomaji asiyelijua jina hilo: maiostatini ni protini inayotengenezwa hasa na misuli yenyewe, na kazi yake ni kuizuia misuli isikue kupita kiasi. Alexandra McPherron, Ann Lawler na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ndio walioitangaza mwaka 1997. Panya walioharibiwa jeni yake walijaza misuli mara mbili hadi tatu ya wenzao. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba ng'ombe wa Belgian Blue, wale wenye mapaja yaliyoshindiliwa kama marobota ya pamba, wana pengo la herufi 11 kwenye jeni hiyo. Basi si ajabu kwamba watu wa mifugo wanaitaka, watu wa samaki wa vizimba wanaitaka, na madaktari wanaofuatilia kukonda kwa wagonjwa na wazee nao wanaitaka. Ili kuipima, njia iliyozoeleka ni kingamwili: protini iliyozalishwa kwa sungura, mbuzi au panya, au kwenye seli zinazokuzwa maabara, ambayo hunasa maiostatini na kuiacha protini nyingine ipite. Angalau ndivyo lebo inavyosema.

Tatizo linaanzia kwenye maiostatini yenyewe, kwa sababu haikai katika umbo moja. Kwa binadamu, seli huitengeneza kama uzi wa asidi amino 375. Kimeng'enya kiitwacho furini huukata uzi huo. Kipande kirefu cha mbele ni propeptidi. Kipande kifupi cha nyuma, chenye asidi amino 109, ndicho maiostatini iliyokomaa, ile inayofanya kazi, na vipande viwili vya aina hiyo hushikamana kwa kiungo cha salfa vikawa pacha. Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa uzito, uzi mzima huonekana karibu na kilodaltoni 50 (kilodaltoni ni kizio cha uzito wa protini), propeptidi kati ya 35 na 40, pacha kwenye 25, na mmoja aliyetenganishwa na mwenzake kwenye 12.5. Mtu akisema "tumeiona maiostatini", aulizwe ameiona ipi. Kingamwili inayoshika propeptidi haisemi lolote kuhusu kiasi cha ile iliyokomaa, na inayoshika mkia, yaani kile kipande cha nyuma, haisemi lolote kuhusu propeptidi. Lebo zote mbili zinaweza kuandikwa neno lilelile.

Sasa tazama tarakimu hizo mbili, 50 na 25. Kingamwili ya kawaida ya aina ya IgG nayo ikichemshwa na kuvunjwa hutoa minyororo mizito yenye kilodaltoni 50 na myepesi yenye 25. Zinagongana kabisa. Kipande cha msuli wa panya kina damu ndani yake, na damu ina kingamwili za panya huyo. Ukitumia kingamwili ya kwanza iliyozalishwa kwa panya, kisha ukamwaga ya pili ambayo kazi yake ni kutafuta kingamwili za panya, hiyo ya pili itazishika zote, uliyoiweka wewe na zile alizokuwa nazo mnyama. Itatokea mistari miwili safi, mahali hasa palipotarajiwa, na picha itaingia kwenye tasnifu. Inawezekana kabisa isiwe na maiostatini hata chembe.

Namna ya kuwatofautisha ni rahisi na haina gharama. Sampuli moja igawanywe mara mbili. Nusu ichemshwe pamoja na beta-mekaptoethanoli asilimia 5, nusu nyingine isiwekewe. Pacha wa maiostatini akikutana na kemikali hiyo huachana na mwenzake, kwa hiyo mstari wa 25 unapaswa kushuka hadi 12.5. Mnyororo mwepesi wa kingamwili hufanya kinyume: pasipo kemikali umefungwa ndani ya kingamwili nzima yenye uzito wa 150 na hauonekani chini, ukiwekewa ndipo unapojitokeza kwenye 25. Kwa hiyo mstari wa 25 ulioko kwenye nusu iliyovunjwa ni wa kutiliwa shaka, hata ukipendeza vipi. Kwenye jeli, kati ya nusu hizo mbili ziachwe njia mbili tupu, kwa sababu mekaptoethanoli husambaa pembeni na kuivunja ile ambayo haikukusudiwa. Kuchemsha kwenyewe hakuhitaji mashine ya bei. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huku huchemka karibu na nyuzi 96, na dakika 5 humo zinatosha.

Kuna mtego mwingine ambao hata vitabu vya mafunzo huupita kimya. Msuli una saitokromu c kwa wingi, protini ya uzito wa kilodaltoni 12 hivi, na himi yake, kiini chenye chuma, imeshikiliwa kwa nguvu kiasi kwamba haing'oki kwa kuchemsha. Himi inaweza kufanya kazi ya peroksidesi, kimeng'enya kinachofungwa kwenye kingamwili ya pili, yaani kuiwasha kemikali ya mwanga tunayoitumia kuona mistari. Matokeo yake ni mstari hafifu jirani kabisa na 12.5 ambao haukuletwa na kingamwili yoyote. Kipande kimoja cha utando, ule ambao protini za kwenye jeli huhamishiwa, kimwagiwe kemikali ya mwanga bila kingamwili ya kwanza wala ya pili. Kikiwaka, chanzo kimejulikana. Kingine kiwekewe ya pili tu. Vipande hivi viwili vinakula mililita chache za bafa, na hakuna jaribio la maiostatini linalostahili kuaminiwa pasipo hivyo.

Kazi ya kutayarisha msuli nayo ina mambo yake. Sampuli zichukuliwe sehemu ileile ya mwili kwa kila mnyama, maana msuli wa paja na ule wa mgongo haulingani. Zigandishwe ndani ya dakika chache, kwa naitrojeni ya maji kama ipo. Miligramu 100 za msuli zisagwe ndani ya mililita 1 ya bafa ya RIPA, ile ya kuvunjia seli, iliyotiwa vizuizi vya vimeng'enya muda huohuo. Kile kiitwacho PMSF hufa haraka kikishaingia kwenye maji, kwa hiyo bafa iliyotayarishwa asubuhi ikatumika jioni ni kama haina kitu. Mchanganyiko uzungushwe kwa nguvu ya 12,000 hadi 14,000 g kwa dakika 15, kwenye nyuzi 4, kisha protini ipimwe na kila njia ya jeli iwekewe maikrogramu 30 hadi 40. Aliyezoea kuweka 10 asitegemee kuona kitu, maiostatini ni chache ndani ya msuli ukilinganisha na aktini na mayosini ambazo zimejaa tele.

Jeli iwe ya asilimia 15, au ile inayopanda kutoka 4 hadi 20. Jeli ya asilimia 10 humwaga kipande cha 12.5 pamoja na rangi ya mbele, na mtu hubaki akishangaa. Utando uwe wa plastiki ya PVDF wenye vitundu vya maikromita 0.2. Ule wa 0.45, ambao ndio hujaa kwenye makabati, huiacha protini ndogo ipenye hadi upande wa pili. PVDF ilowekwe kwanza kwenye methanoli kwa sekunde 30 ama zaidi, vinginevyo haipokei chochote. Protini zihamishwe kutoka jeli hadi utando kwa volti 100 kwa saa moja, chombo kikiwa kimezungukwa na barafu. Ukizidisha muda unazisukuma zile ndogo zitoke nje. Baada ya hapo utando upakwe rangi ya Ponceau na kupigwa picha kabla ya kuendelea. Picha hiyo tutairudia.

Kuzuia kingamwili isinate ovyo kwenye utando, wengi hutumia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, ya dukani. Hatuna ugomvi nayo. Lakini maziwa ni ya ng'ombe na yana kingamwili za ng'ombe. Kama kingamwili yako ya kwanza imetoka kwa mbuzi, ile ya pili inayotafuta kingamwili za mbuzi itazitambua na za ng'ombe, kwa kuwa wanyama hawa ni ndugu. Hapo utando mzima hugeuka mweusi, na lawama huenda kwa muuzaji. Tumia albumini safi, au bora zaidi seramu ya mnyama aliyetoa kingamwili ya pili.

Kuhusu kulinganisha kiasi cha protini kati ya njia moja na nyingine, mazoea ni kupima GAPDH. Kwa maiostatini mazoea hayo ni mabaya kwa sababu mbili. Kwanza, GAPDH ina uzito wa kilodaltoni 36 hadi 37, palepale ilipo propeptidi, na utando ukipimwa mara ya pili bila kusafishwa vizuri hujui unaangalia kipi. Pili, GAPDH ni kimeng'enya cha kuchoma sukari, na msuli unaokonda au unaonenepa hubadilisha kiasi chake. Ile picha ya Ponceau, inayoonyesha protini zote kwa pamoja, ni mizani ya haki zaidi, na gharama yake ni ya chupa ya rangi inayotumika tena na tena.

Tuje kwa ndugu wa maiostatini. Anaitwa GDF-11. Katika zile asidi amino 109 za mkia, wanatofautiana kwa 11 tu. Kingamwili iliyotengenezwa kwa kutumia mkia mzima ina nafasi kubwa ya kuwashika wote wawili. Jambo hili limewahi kuwaponza wakubwa wa fani. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Harvard lilitangaza kwamba GDF-11 hupungua kwenye damu ya panya kadiri wanavyozeeka, na kwamba kuwarudishia kulipunguza unene wa moyo uliotokana na uzee. Mwaka 2015 watafiti wa Novartis walichapisha majibu: vitendanishi vilivyotumika kuipima GDF-11 vilikuwa vikiishika na maiostatini pia. Mabishano yakafika hadi kwenye mstari wa 25, wengine wakidai ni mnyororo mwepesi wa kingamwili. Wenye fedha na mashine zote wakijikwaa namna hiyo, sisi wenye kichupa kimoja tujipime.

Kinga yake ni kununua maiostatini safi na GDF-11 safi zilizotengenezwa maabara, maikrogramu 10 kila moja, na kuziweka kwenye jeli moja kwa viwango vinavyolingana, tuseme nanogramu 5, 10, 25 na 50. Kingamwili ikiwaka kwa zote mbili, ripoti iandike "maiostatini na GDF-11 kwa pamoja" na hakuna aibu katika hilo. Njia nyingine ni kuchagua kingamwili inayoshika propeptidi, ambako ndugu hawa hawafanani sana. Ila utakuwa umeacha kupima ile inayofanya kazi. Hakuna kichupa kinachotoa yote mawili, na anayeandika pendekezo la utafiti aseme amechagua lipi na kwa nini.

Hapa pia tuseme neno kuhusu peptidi ya kuzuia, kile kipande cha protini kilichotumika kuitengeneza kingamwili, ambayo wauzaji huiuza kama ushahidi. Ukiichanganya na kingamwili na mstari ukapotea, umethibitisha tu kwamba kingamwili ilitumia mdomo wake halali kushika kitu hicho. Kama kitu hicho ni GDF-11, mstari utapotea vilevile. Picha za kwenye karatasi ya bidhaa nazo zisomwe kwa makini: nyingi huonyesha seli zilizolazimishwa kutengeneza maiostatini kwa wingi usio wa kawaida, na kingamwili inayoona shehena haina hakika ya kuona kijiko. Ushahidi wenye nguvu ni msuli wa panya asiye na jeni hiyo. Maabara chache huwa naye, lakini maikrogramu mia moja za protini ya msuli wake, zikiombwa kwa barua ya ushirikiano, huingia kwenye bahasha.

Kwa damu, mambo ni tofauti kidogo. Maiostatini iliyokomaa haitembei peke yake kwenye damu. Sehemu kubwa imekumbatiwa na propeptidi yake, na nyingine imeshikwa na folistatini na protini nyinginezo. Kingamwili ya ELISA, kipimo kinachofanyika kwenye visima vya sahani, haiwezi kuifikia ikiwa imefunikwa hivyo. Seramu inapaswa kutiwa asidi ya haidrokloriki ya 1 N kwa dakika kama 10, kisha asidi ipoozwe kwa sodiamu haidroksaidi yenye bafa, ndipo iingie kwenye visima. Vipimo kamili vifuate karatasi ya maelekezo inayokuja na seti ya ELISA, kwa kuwa hutofautiana. Anayeruka hatua hii hupata namba, tena namba zinazopendeza kwa kukaribiana, lakini anapima ile ndogo iliyo huru. Na asiyepooza asidi vya kutosha huiua kingamwili iliyoko chini ya kisima, sahani nzima ikatoka nyeupe. Karatasi ya kupimia pH, tone moja kutoka kwenye sampuli ya majaribio, inaokoa sahani. Matokeo yaseme kama seramu ilitiwa asidi au la. Tafiti mbili zikitofautiana kwa hatua hii, namba zao haziwekwi kwenye jedwali moja.

Wenzetu wa mifugo wana unafuu. Ule mkia wa asidi amino 109 unafanana kabisa kwa binadamu, panya, nguruwe, kuku na bata mzinga, na kwa ng'ombe na kondoo hutofautiana kwa asidi amino moja hadi tatu. Kingamwili ya mkia iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu ina nafasi nzuri ya kufanya kazi kwa ng'ombe wetu wa asili. Wakumbuke tu kwamba mstari hauelezi kama protini inafanya kazi. Ng'ombe wa Piedmontese wana maiostatini iliyobadilika asidi amino moja, sisteini ikawa tairosini, na misuli yao imejaa ingawa protini inatengenezwa; mstari unaweza kuonekana kama kawaida. Belgian Blue, kwa upande mwingine, lile pengo la herufi 11 hukatiza uzi kabla mkia haujakamilika, kwa hiyo kingamwili ya mkia haioni kitu. Ndiyo maana nyama ya Belgian Blue ni kipimo kizuri cha kuthibitisha kwamba kingamwili ya ng'ombe haibabaishi.

Wenzetu wa samaki hawana unafuu huo. Tangu Japani iruhusu mwaka 2021 kuuzwa kwa samaki anayeitwa "madai" kwa Kijapani, aliyehaririwa jeni ya maiostatini, maswali kuhusu sato wa vizimba vya ziwa hili hayaishi. Lakini samaki wa kundi la sato huwa na nakala mbili za jeni hiyo, na protini zake zimeachana na za mamalia kwa kiasi kinachotosha kuiponyoka kingamwili. Kabla ya kuagiza, muuzaji aombwe mfuatano wa asidi amino uliotumika kuichokoza kinga ya mnyama, kisha ulinganishwe kwa kompyuta na ule wa sato, herufi kwa herufi. Kazi ya nusu saa. Muuzaji akikataa kuutoa, atafutwe mwingine. Maneno "hufanya kazi kwa samaki" kwenye katalogi mara nyingi ni matokeo ya kompyuta, hakuna aliyeshika samaki. Na kwa sato, kupima ujumbe wa jeni kwa PCR pembeni ya kingamwili si anasa.

Kuhusu baridi, kuna hofu zisizo na msingi na kuna uzembe wa kweli. Kisanduku kikichelewa kutoka Dar es Salaam na vifuko vya barafu vikafika vimeyeyuka, kingamwili isitupwe. IgG ni protini ngumu, siku mbili za joto la kawaida huzivumilia nyingi. Ipimwe kwa ile maiostatini safi, ikiwaka, itumike. Kinachoua kingamwili ni kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara. Isiyo na gliseroli igawanywe siku ileile inapofika katika vichupa vya maikrolita 10 au 20, visipungue 10 kwa sababu kidogo kuliko hapo hukauka na kugandia ukutani. Yenye gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hiyo iachwe kama ilivyo. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe hazifai, kwani hupasha joto ndani kwa zamu. Umeme ukikatika, friza iliyojazwa chupa za maji yaliyoganda hushikilia baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu, mradi mlango usifunguliwe kwa udadisi. Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo ni bei ndogo kuliko kichupa.

Kingamwili ya pili, ile iliyounganishwa na peroksidesi, isigandishwe kamwe. Ikae kwenye nyuzi 4, tena isiwekewe sodiamu azaidi, kwa kuwa azaidi huiua peroksidesi. Mtu akiona utando mweupe kabisa, hata ile maiostatini safi haionekani, aanze kuchunguza hapo. Azaidi asilimia 0.02 inaruhusiwa kwenye kingamwili ya kwanza tu, na utando uoshwe mara tatu, dakika 10 kila mara, kwa bafa yenye sabuni ya Tween 20 asilimia 0.1, kabla ya kuweka ya pili.

Hiyo azaidi inatukumbusha jambo ambalo si la maabara lakini afadhali lisemwe gazetini. Wapo vijana wa kunyanyua vyuma wanaouliza kama kingamwili hizi za kuzuia maiostatini zinaweza kudungwa mwilini. Za maabara haziwezi. Azaidi ni sumu, kichupa hakikutengenezwa kwa usafi wa dawa, na kimeandikwa wazi kuwa ni kwa utafiti pekee. Hata zile zilizotengenezwa kama dawa safari yake imekuwa ngumu: mwaka 2018 Pfizer walisimamisha majaribio ya domagrozumabu kwa watoto wa kiume wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne kwa sababu haikufikia lengo.

Turudi kwenye kichupa kimoja, tukipige hesabu. Kina maikrolita 100. Kabla ya sampuli yoyote, lazima itafutwe nguvu sahihi: kipande cha utando kwenye 1:250, kingine 1:500, kingine 1:1,000, kingine 1:2,000. Ukiwa mbahili, ukavifunga vipande kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa kwa moto na kutumia mililita 3 tu kwa kila kimoja, umetumia maikrolita 12, na 6, na 3, na 1.5. Jumla 22.5, karibu robo ya kichupa. Jaribio la GDF-11 linakula zaidi, la kuvunja pacha linakula zaidi, na la kurudia lipo, maana jeli hupasuka. Ikiwa nguvu iliyopatikana ni 1:500, zinabaki tando kumi na kidogo, na kila utando una njia kumi ambazo moja ni ya rula ya uzito na moja au mbili ni za maiostatini safi. Utafiti wa wanyama 60 wanaopimwa mara mbili hautoshi humo. Kichupa cha pili kikinunuliwa miezi sita baadaye, na ni cha poliklonali, yaani mchanganyiko wa kingamwili kutoka damu ya mnyama, kinatoka kwa mnyama mwingine au damu ya siku nyingine, na kwa hesabu za utafiti ni kingamwili nyingine.

Kwa hiyo mstari wa kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST usomeke kwa ukamilifu: namba ya katalogi na ya kloni (ukoo wa seli zinazoizalisha), mnyama aliyeizalisha, sehemu ya protini iliyotumika kuichokoza, kazi iliyothibitishwa, vichupa viwili vya toleo moja, chenye azaidi au kisicho nayo, na kufikishwa Mwanza, si Dar es Salaam. Vichupa viwili visivyo vya toleo moja virudishwe siku vinapopokelewa. Chini yake ziwepo maiostatini safi, GDF-11 safi, kingamwili ya pili iliyochujwa dhidi ya mnyama anayepimwa, na tando za maikromita 0.2. Mzabuni akileta "inayofanana" yenye kloni nyingine kwa bei nafuu, hajaleta kilichoagizwa, hata kama jina kwenye lebo ni lilelile.

Na kamati ikiona jumla ni kubwa, ipunguze wanyama. Wanyama 40 waliopimwa pamoja na GDF-11 pembeni wanatoa jibu. Wakiwa 60 pasipo hiyo, mtahini wa nje atauliza swali lake la kwanza kuhusu mstari wa 25, na kichupa kitakuwa kimekwisha.

Mafundi sanifu na watafiti wa maabara,
Nyamagana, Mwanza